Malkia Amezimika

Kamba ilikazika, pikapu ikaguna, na gari jekundu la mbio likaanza kusogea nyuma yake. Mzee Spana alitazama kioo. Mwanawe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, ameinama, uso hauonekani.

Walikuwa na safari ya kutwa nzima. Gari la nyuma lilikuwa pana, refu, na la thamani kuliko nyumba ya mzee; la mbele lilizoea kubeba betri na matairi mabovu. Kwenye kituo cha mafuta muuzaji aliuliza kama siku hizi punda ndiye anayemvuta farasi. Mzee alicheka. Kwa kweli alikuwa na furaha, na aliona haya kuwa nayo wakati mwanawe yuko katika hali ile.

Kijana hakuwa amempigia simu kwa miaka mitatu. Ugomvi wenyewe, ukiuangalia, ulikuwa wa kijinga. Alipata kazi mji wa mbali, akamtumia baba yake picha: gari jekundu, na msichana ameegemea boneti, mfano wa wale wa kwenye kalenda za maduka ya spea. Kisha akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Umemwona Malkia, baba?"

Mzee alikwishawazoea vijana wanaoyapa magari majina. Akajibu kifundi: mzuri, ndiyo, lakini ghali kumtunza, huyo ni wa kujionyesha mjini, si wa kuishi naye. Kijana alipouliza kama anaweza kumleta nyumbani, mzee aliyafikiria mashimo ya njia yao, akasema hapana, kwake hana pa kumweka. Simu ikakatika.

Mtoto akililia wembe mpe, mzee alijiambia, na ile picha akaibandika karakanani katikati ya kalenda. Mkewe alikwishatangulia zamani. Akawa anapika sufuria ndogo, anakula peke yake, na redio anaiacha iseme mpaka usingizi umchukue. Ilimuuma kwamba amempoteza mtoto kwa sababu ya chuma.

Jana asubuhi simu ililia.

"Baba, Malkia amezimika."

Hata sasa alisema "amezimika", si "limezimika", kana kwamba gari lina roho. Lakini mzee hakuwa na nafasi ya kumtania. Aliuliza maswali anayowauliza wateja wote. Kijana akaeleza kwa tabu kwamba joto lilianza kupanda ghafla, akawa anatetemeka, akampa maji, hayakusaidia kitu.

"Wamemfungua?"

"Hapana. Nimewakatalia."

"Umefanya vizuri," mzee alisema. Mafundi wa mjini aliwajua.

Kijana akasema, "Siwezi kuendesha, baba. Njoo unichukue."

Mzee alifunga karakana, akatupa kamba nene nyuma ya pikapu, akaondoka bila hata kunywa chai. Alimkuta kijana ndani ya gari, nje ya mji, kando ya ukuta mrefu mweupe. Suruali yake ilikuwa na udongo magotini, na kucha zake pia zilijaa udongo. Mzee akaona vyema: angalau alijaribu kuingia uvunguni mwenyewe. Walikumbatiana, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo. Kijana akarudia kwamba hawezi kuendesha.

"Huendeshi. Shika usukani tu, mimi nitakuvuta mpaka nyumbani," mzee alisema, na akamkataza asiwashe injini hata kidogo.

Kijana alimtazama kwa shukrani, akatii.

Njia nzima mzee alikwenda taratibu, akikanyaga breki kwa upole ili kamba isilegee. Kila alipotazama kioo alimwona kijana akijifuta macho. Mwanamume mzima analilia gari. Zamani angemcheka, ila leo alimwonea huruma. Alikwishaamua: atamfufua Malkia kwa mikono yake, hata ikibidi kuiuza pikapu. Hivyo ndivyo atakavyomwomba mwanawe radhi.

Mchana walisimama kwenye duka la kando ya barabara. Mzee alinunua chai na mkate, akampelekea kijana dirishani.

"Nilitaka umwone akiwa mzima," kijana alisema.

Mzee alitafuta neno la kufariji. Ufundi wake haukuwa wa maneno.

"Utapata mwingine, mwanangu. Tena imara zaidi."

Kijana aliuweka mkate juu ya kiti cha pili, akapandisha kioo. Mzee alirudi kwenye pikapu akijua kwamba amekosea, ila hakujua kosa lenyewe ni lipi. Saa zilizobaki ni kamba tu iliyowaunganisha.

Walifika jua likizama. Mzee hakutaka hata kukaa. Aliliingiza gari karakanani, akafungua boneti. Maji yalikuwa yamejaa. Oili safi. Hapakuwa na dalili yoyote ya injini kuchemka. Akaketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo.

Injini iliwaka papo hapo. Ngurumo yake ikazitikisa kalenda ukutani.

Mzee aliizima. "Hili gari ni zima," alisema polepole.

"Ni zima, baba. Nani alikwambia ni bovu?"

Kijana hakugeuka. Alikuwa amesimama mbele ya zile kalenda, na kwa kidole gumba chenye udongo alikuwa akifuta vumbi kwenye picha, usoni pa yule msichana.