Bado Mmoja

Malachy Tuohy alifika gatini Dún Laoghaire amevaa suti yake ya Jumapili, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Siku nyingine Dinny, mwenzake anayeandika hesabu, angemtania mpaka basi. Leo alimsogezea chai tu.

Kazi yao haikuwa na siri. Kila abiria aliyepanda meli kwenda Uingereza, Malachy alibonyeza kidude cha kuhesabia. Kila aliyeshuka, alibonyeza kingine. Serikali ilitoa wanaorudi katika wanaokwenda, ikajua mwaka huo imepoteza wangapi. Mtoto wa kubebwa alihesabiwa. Ng'ombe na mizigo, hapana.

Miaka miwili nyuma alimbonyezea kidude mwanawe mwenyewe, Fergal, akienda kujenga barabara Coventry.

"Niruke bwana, Baba," Fergal alicheka. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya, mzee wa sheria. Basi siku nikirudi usinisahau."

"Nikusahau vipi, mjinga wewe?"

Tangu hapo kila meli iliyoingia, Malachy alitazama nyuso kwanza, ndipo akabonyeza. Moyo ulimuuma kila asubuhi, na hakumwambia mtu.

Jumatatu ikaja telegramu kutoka kwa msimamizi wa Fergal: atafika kwa meli ya Alhamisi. Mkewe alisugua chumba cha mbele mpaka sakafu ikang'aa. Majirani wakaleta viti, mikate na paja zima la nguruwe.

Meli ikafungwa kamba. Walishuka wauguzi wa likizo, vibarua wenye masanduku yaliyofungwa kwa kamba, mama na pacha wake wawili. Malachy alibonyeza mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa padri mnene, akihema. Kisha ngazi ikabaki tupu.

"Mia tatu na kumi na mmoja," Dinny alisema taratibu. "Wamekwisha, Malachy."

"Bado mmoja."

"Ndugu yangu, sheria unaijua."

"Nilimwahidi, Dinny."

Dinny alitazama pembeni, akafuta pua kwa mkono wa koti, kisha akashika tena kalamu.

Winchi ikaanza kushusha mizigo: magunia ya barua, baiskeli mbili, kreti za vyombo. Mwisho likashuka jeneza. Malachy akavua kofia, akabonyeza mara moja, na Dinny akaandika mia tatu na kumi na wawili.