Masikio Yamezeeka

Kifuniko cha sufuria kililia kidogo jikoni, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Hasna alifumbua macho, akaziba mdomo kwa pindo la khanga.

Mtu alikuwa akitembea. Hakuwasha taa wala hakujikwaa popote. Alitembea kama mwenye nyumba. Alipita ukumbini, akatoka uani, akakaribia chumba alicholala Hasna, kisha akasimama. Baada ya kitambo nyayo zikarudi zilikotoka.

Hasna alikaa nyuma ya magunia ya mahindi mpaka kukapambazuka. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na yaliyompata mwaka ule yalitosha kumwondolea usingizi. Lakini kosa jingine lilikuwa lake mwenyewe: alipenda mno hadithi za kutisha.

Mchana alisoma. Alikuwa na riwaya ya upelelezi isiyo na jalada, akiisoma karibu na kidirisha, penye mwanga wa kiasi cha kiganja. Muuaji wa humo hakuvunja mlango. Alikuwa na ufunguo, na kabla ya kuua alipitia kwanza jikoni kufunua masufuria. Hasna alipofika hapo alifunga kitabu. Halafu akakifungua tena, maana mpenda hadithi hajui kujihurumia.

Jioni ilikuwa zamu ya tamthilia ya runinga. Mama mkwe mmoja tajiri alikuwa akitiliwa sumu kwenye chai, tone kwa tone, na nyumba nzima ikishukiana. Hasna hakukosa hata jioni moja. Kila mhusika alikuwa amempa sura yake kichwani. Sauti ilikuwa kubwa hadi bati likatetemeka. Khalfani, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaja mlangoni kulalamika kwamba runinga inapigwa kama ngoma ya harusi. Akajibiwa kuwa masikio yamezeeka, avumilie.

Khalfani alicheka, ila hakuondoka bila kutoa onyo.

"Funga milango, bi mkubwa. Kagunga kule mpakani wamejaa waliokimbia machafuko, na wengine wameshafika huku Ujiji. Wanaingia hata ndani ya nyumba za watu."

Maneno hayo yalimpita Hasna mgongoni kama maji ya baridi.

Kisha mambo yakazidi. Alipomaliza riwaya yake alikuta nyingine juu ya boksi la vitabu vikuukuu, naye angeapa kuwa jana haikuwapo. Kesho yake, mlangoni pa kile chumba, palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa: ugali na samaki mgebuka aliyeungwa kwa mawese.

Hapo akaelewa. Yule mtu mwingine aliyekuwamo ndani ya nyumba ile sasa alijua kwamba yeye yupo, na kwamba yuko peke yake.

Aliwaza sumu. Alimega tonge akaliweka sakafuni, akaketi kuwatazama sisimizi. Walikula, wakafungasha na ya njiani, wakaenda zao na afya zao. Naye alikuwa hajapika kwa kitambo kirefu, kwa kuogopa moshi. Moshi una mdomo. Akala, huku akingoja tumbo limsokote. Halikumsokota. Mgebuka yule alikuwa ametolewa miiba yote, kama wa kulishwa mtoto. Hasna alijiuliza mtu anayetaka kuua anahangaika na miiba ya nini.

Tangu hapo sahani ilikuja kila alfajiri, na hofu ikaja nayo. Mbuzi wa Idi naye hulishwa vizuri.

Ikafika jioni ya mwisho wa tamthilia. Mama mkwe aliomba kikombe chake. Mtu mmoja akasema asinywe, kwamba mwenye sumu anamjua, yumo humuhumu ndani. Umeme ukakatika. Ujiji nzima iliguna kwa pamoja. Hasna alingoja gizani, akangoja, mpaka usingizi ukamchukua akiwa ameketi.

Kifuniko kililia.

Safari hii nyayo hazikusimama mbali. Zilikuja moja kwa moja hadi mlangoni. Hasna alipapasa ukutani akashika mchi wa kinu, akauinua kwa mikono miwili. Alikumbuka ule ufunguo wa riwayani. Alikumbuka wajukuu zake. Mlango haukufunguliwa. Mtu alikuwa akijikalisha kizingitini taratibu, magoti yakimlia.

"Umeme ulirudi ukiwa umeshalala," ikasema sauti. Sauti yenyewe Hasna aliijua: ndiyo iliyomwambia Khalfani kuwa masikio yamezeeka. "Aliyetia sumu si yule mkwe. Ni dada mtu, yule mpole aliyekuwa akimkanda miguu. Nikaona hutastahimili kukaa bila kujua."

Mchi ulimshuka Hasna taratibu mpaka ukagusa sakafu.

"Mimi naitwa Zaitun. Jina lako utaniambia ukipenda," sauti iliendelea. "Nimekuwekea kikapu na khanga safi. Toka kwa mlango wa uani kabla hakujakucha, ukachanganyike na wanaoshuka boti la kutoka Mwamgongo. Khalfani nimeshamwambia leo namtarajia mdogo wangu kutoka huko."

Hasna aliuegemeza mchi ukutani, akasogea karibu na mlango.

"Halafu uje unitembelee tena, mdogo wangu, ila upige hodi mlango wa mbele wa nyumba yangu, tukae kochi moja. Masikio yangu ni mazima, na nimechoka kupaza sauti ya runinga ili mtu aisikie mpaka stoo."