Pamba na Mate

"Mwanao anapiga deki kanisani. Tena kwa mate."

Redio alilitupa neno hilo kama mtu anayetupa kifungo kilichokatika, akaendelea kukunja nguo. Jina la Redio alipewa na karakana nzima, na hakuwahi kulikataa.

Fundi cherehani akajidunga sindano. Tone la damu likaangukia gauni jeupe la mteja. Alilamba kipande cha uzi, akasugua pale penye damu mpaka pakarudi peupe, kama alivyofanya miaka yote.

"Nani kakwambia?"

"Mteja. Kamwona kwa macho yake mawili. Kapiga magoti, analamba, anasugua. Na wewe hapa kutwa, 'binti yangu daktari wa picha za kale.' Daktari wa ndoo!"

Wanawake walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akainamia cherehani yake.

Siku tatu neno lile lilimganda kama kupe. Binti alikuwa amemwalika mara nne aende akaone kazi yake, na mara zote nne alijibu kwamba nguo za watu zimemzidi. Sasa alikwenda bila kuaga, akamchukua Redio awe shahidi. Kama ni uongo, Redio aumeze mwenyewe mbele ya karakana. Kama ni kweli? Hapo fundi hakutaka hata kufikiri.

Walikata tiketi za matembezi ya basi ya siku nzima, makanisa matatu ya kale, kwani fundi hakuwahi kuuliza ni lipi. Kiongozi alikuwa mwanamume mwenye bendera ya njano na sauti ya mnada. Fundi alivaa miwani ya jua na hakuivua.

Kanisa la kwanza lilikuwa na minara ya mawe yaliyochongwa kama lesi. Wenzake walitazama juu. Yeye alitazama chini, kwenye ndoo na mafagio.

La pili, vioo vya rangi vilimwaga wekundu na samawati sakafuni. Palikuwa na mfagiaji. Fundi alimzunguka mpaka akamwona uso, akashusha pumzi. Hakuwa wake.

Mbele ya sanamu ya mama aliyempakata mtoto, Redio alimgonga kiwiko. "Mwenzako huyu mwanawe alikuwa seremala. Mbona hajavaa miwani?"

"Nyamaza, tupo nyumba ya Mungu."

La tatu lilikuwa la mviringo, lenye kuba kubwa juu. Kiongozi aliwapanga watu ukutani, nusu upande huu, nusu ng'ambo, wakanong'onea mawe na kuyategea masikio kwa zamu huku wakicheka kama watoto. Fundi hakusikiliza maelezo. Watu wazima wanaubusu ukuta, aliwaza, nami nina yangu.

Kwani yeye alishaona. Ng'ambo ya ukumbi, juu ya jukwaa la mbao lisilozidi kimo cha meza, mtu mwenye ovaroli alikuwa amepiga magoti akielekea ukuta. Ndoo ilikuwa ubavuni. Alilamba kijiti chenye pamba, akasugua, akakitupa ndooni, akachukua kingine.

Fundi alimjua kwa kisogo. Kichwa kile alikisuka miaka kumi na miwili.

Kundi lilipohamia madhabahuni, Redio alibaki naye. "Shoga, si yule?"

Fundi alisukuma miwani juu ya pua. Aligeuka, akauinamia ukuta kama anayesoma maandishi, akanong'ona: "Simjui. Mimi sina mtoto wa kulamba uchafu wa ukuta."

Ng'ambo, mkono wenye pamba ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Sogeeni huku, ila msiguse!" kiongozi aliita, akiwapeleka watu jukwaani. "Picha hii ina miaka mia sita, imefukiwa na masizi ya mishumaa. Dawa zote walizojaribu zilichubua rangi. Mate ya mtu hayachubui. Na katika nchi nzima mkono ulioruhusiwa kuigusa ni huu mmoja. Mtaalamu huyu ukimuuliza alikojifunza, atakwambia kwa mama yake, fundi cherehani, alipokuwa akitoa madoa ya damu kwenye nguo za wateja."

Redio ikazimika.

Fundi alivua miwani, akapenya katikati ya watu kwa viwiko. "Wangu huyo! Nimemzaa mimi!"

Binti alishuka, akanawa mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Nimeingia, macho yakanipeleka moja kwa moja kwako."

Binti alijifuta mikono. Hakukunja uso. "Basi kabla hatujaenda kula, nenda kasimame pale ukutani, mama. Pale pale. Utege sikio."

Naye akarudi jukwaani.

Siku hizi, juu ya meza ya kukatia vitambaa, pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa fundi, kwa ajili ya kina mama wanaoleta nguo na maneno:

Usipande basi kufuata neno la mtu. Mwanao akikualika mara ya kwanza, nenda.

Usimpeleleze mtoto ukiwa na shahidi.

Usivae miwani ya jua kanisani ukadhani umejificha.

Usicheke kazi ya magoti kabla hujauliza.

Ukiulizwa umefika saa ngapi, usiseme sasa hivi.

Na chini ya kuba usiuinamie ukuta ukanong'ona. Mawe yale hubeba neno mpaka ng'ambo, kisha hulirudisha jibu sikioni mwako, taratibu, kwa sauti ya mwanao: "Nilikusikia ulipofika, mama."