Kibanzi Jichoni

Miti ilikuwa imechanua mji mzima, na vumbi la maua lilimpigisha chafya Tunu, muuguzi wa macho, tangu alfajiri. Mbele yake alilala Shomvi, fundi wa kuchomelea vyuma, kibanzi cha chuma kimemganda karibu na mboni. Dawa ya ganzi ilikwisha kumwingia. Tunu akasogeza sindano ya kukichokolea. Pua ikamwasha, akauvuta mkono upesi, na chafya ikamtoka kwa kishindo.

“Dada, utanipofua!” Shomvi alisema, ameshikilia kingo za kitanda.

“Kikibaki humo, kutu italila jicho. Nivumilie kidogo, kaka yangu.”

Alikoroga chumvi katika maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, akainamia beseni, akayamimina tundu moja la pua yakatokea la pili. Akarudia hadi machozi yakamlenga. Kisha akavuta pumzi, nayo ikapita yote bila kukwama. Mwili mzima ukamtulia.

Akanawa mikono, akarudi. “Usipepese.”

Safari hii mkono haukutikisika. Kibanzi kiling’ang’ania, kikalegea, kikatoka. Shomvi akafumba macho yote mawili, asithubutu kujua kama bado anaona.

“Haya, fumbua,” Tunu alimwambia.

Akaanza kufumbua, polepole, kope zikimtetemeka.