Tairi la Nne

Kalunde alichagua msumari mfupi kuliko yote kwenye kopo, akaupitisha katikati ya tairi, akaugonga mara mbili, akaacha. Ncha yake ilichungulia tu upande wa ndani. Tairi la nne likakaa kama mgeni anayekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Tayari," akamwambia Gathoni. "Ikitoka uniletee."

Ilikuwa lazima litoke. Gari lenyewe halikuwa na siri: kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu mmoja, matairi manne ya slipa iliyokwisha kisigino, na waya mrefu wa kuliendeshea. Mzazi yeyote angelimaliza muthokoi ya mahindi na maharagwe ikiwa bado mbichi jikoni. Kazi ilikuwa ni msumari. Mrefu unapita hadi ndani ya kopo, unaukunja kwa nyundo, basi. Mfupi haukunjiki.

Gathoni alikuwa na miaka sita, binti wa Irungu mwenye duka pale njia panda, watu waliotoka Murang'a. Kila Jumamosi alipanda mlima wa Kilungu, gari mkono mmoja, tairi mkono wa pili. "Susu, imetoka." Alimwita susu, nyanya, kama watoto wa Kikamba, na Kalunde alijifanya hakusikia ili aitwe tena.

Wana wawili wa Kalunde walikuwa Mombasa. Barua zao zilikuja Krismasi, zikieleza kwa nini wao hawakuja Krismasi. Magoti yake yalikuwa yamekataa kuteremka tangu mwaka juzi. Na huko kwao mtu hapandi mlima bure. Anapanda kuazima ungo, halafu anapanda kuurudisha. Kalunde hakuwa na ungo wa maana. Alikuwa na tairi.

Wangui, mama yake Gathoni, hakuwahi kupanda. Alikaa nyuma ya kaunta akipima sukari bila kuinua macho. Ukimsalimia kwa Kikamba anatikisa kichwa tu. Wanawake walisema anaringa.

Jumamosi moja ya Novemba, Gathoni alifika analia. Tairi lilikuwa limetoka katikati ya mashindano, wenzake wakamcheka hadi wakakaa chini. Kalunde akaona haya. Akachukua msumari mrefu, akaweka na kizibo cha soda ili slipa isichanike, akaukunja ndani ya kopo hadi ukalala.

"Hii haitoki tena, mama."

Akamtazama mtoto akiteremka, gari likimfuata nyuma kama mbuzi mtiifu.

Tairi halikutoka. Desemba ikapita. Barua mbili zikaja. Kalunde alisokota mpira wa makaratasi ya nailoni na kamba ya mkonge. Akatengeneza mwanasesere wa gunzi, akambandika nywele za mahindi. Akaviweka vyote dirishani, mahali panapoonekana kutoka njiani. Kuku wakala nywele.

Mwisho wa Januari, hodi. Alikuwa Wangui mwenyewe, gari kwapani, tairi kiganjani.

"Imetoka," akasema, akabaki amesimama nje.

Kalunde alijizuia asitabasamu sana. "Huyo mtoto ana nguvu. Hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona hakuja mwenyewe?"

Wangui aliangalia viatu vyake. "Si utaitengeneza tu?"

Likatengenezwa, kwa msumari mrefu. Jumamosi iliyofuata Wangui akarudi na tairi lile lile. Safari hiyo aliketi. Jumamosi ya tatu alishika kopo Kalunde akigonga, akanywa uji vikombe viwili, akafundishwa kukata tairi: weka kizibo juu ya slipa, zungusha mkaa, kata taratibu bila kuinua kisu. La kwanza lilitoka kama kiazi.

"Hilo ni la trekta," Kalunde akamwambia.

Wangui akamchukua mwanasesere dirishani. "Na nywele za huyu?"

"Uliza kuku."

Wangui alicheka hadi akafuta macho, akaendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Alipoondoka, Kalunde alibaki akiwaza juu ya gari lile. Ndani ya kopo, kando ya tundu, alikuwa ameona mikwaruzo ya koleo. Bila shaka Irungu anauza koleo, na mtoto wa duka hakosi cha kuchezea. Matairi nayo hayakuwa na vumbi hata chembe. Maskini, siku hizi anafungiwa ndani, na gari lenyewe ndilo hilo bovu. Haya ikamrudia.

Kwa hiyo Jumamosi ya nne alikuwa tayari, na msumari wa paa wa inchi nne. Aliukunja mara mbili, akaufunga kwa waya, akaubamiza hadi kopo likabonyea.

"Sasa hii," akasema, "hata fundi hatoi."

Wangui alilijaribu tairi kwa kidole gumba. Akalijaribu tena.

"Asante, susu," akasema. Hakungoja uji.

Langoni alipishana na Syokau, muuza mayai, aliyempelekea Kalunde chumvi kila mwisho wa mwezi. Syokau alimsindikiza kwa macho hadi mtelemko ukamficha nusu.

"Huyo anayeringa anatafuta nini kwako?"

"Gari ya mtoto ilikuwa imeharibika."

"Mtoto gani?" Syokau akatua kikapu chake. "Gathoni si alipelekwa Murang'a kwa nyanya yake, Krismasi haijaisha vizuri. Baba yake hataki afundishwe kwa Kikamba darasa la kwanza. Kana kwamba hesabu ya Kikamba inatoa jibu lingine."

Kalunde alitazama kopo lake la misumari. Kisha akajiinua kwa kushika mlango, akatoka hadi ukingoni mwa njia, magoti yakilia.

"Mama Gathoni," akaita. "Hebu rudi. Hiyo tairi sijaifunga vizuri."