Skana Aliyowekewa Kornelio

Skana ya tatu nayo ilikataa. Laptopu ya marehemu mume wangu inatumia Linux, na mie sikutaka kuifuta.

"Tupige Windows tu, dada," muuza mitumba wa Manzese alisema tena.

"Hapana."

Akainama chini ya meza. "Ipo moja inayokubali Linux, ila nimemwekea braza mmoja. Aliijaribu mwenyewe, akasema atarudi."

"Naomba niijaribu."

Nililaza kwenye kioo picha ya pasipoti, ile tuliyoikuza kwa ajili ya mazishi. Mwanga ukatambaa taratibu. Kornelio akatokea kwenye skrini, tai yake imepinda kidogo.

Muuzaji akatabasamu. "Si ndiye huyu. Mwambie aje basi, mzigo wake upo."

Nikasema nitamwambia.