Nusu Saa ya Kutulia

Dakika ya kumi na nane Iteka alikuna sikio, na rula ya mbao ikamshukia begani.

"Tunaanza upya," alisema mama yake, Athanasie.

Mtoto hakulia. Alirudisha mikono magotini, akaelekeza macho ukutani, na Athanasie akaanzisha tena saa ya simu. Ilikuwa wiki ya pili wakifanya hivyo, kila Iteka akitoka shuleni, ndani ya chumba chao cha mtaa wa Kimisagara. Walikuwa wakitafuta nusu saa nzima.

Msimwone Athanasie katili. Mtoto huyu alikuwa mboni ya jicho lake, na kila rula iliposhuka ilimuuma yeye zaidi. Lakini angefanyaje? Iteka alikuwa na miaka tisa tu na shule mbili zilikuwa zimeshamfukuza. Akili alikuwa nazo za kushangaza. Alizidisha tarakimu tatu kwa tatu bila kalamu, na aliwahi kumsahihisha Mwalimu Régis mbele ya wenzake sitini. Kilichomshinda kilikuwa kiti. Alisimama, alizunguka, aliwakatiza watu maneno, alipoteza daftari kila juma, na siku moja alitoka darasani kupitia dirishani kwa sababu ameona kinyonga.

Baada ya kinyonga huyo, mkuu wa shule, Bayingana, alimwita Athanasie ofisini.

"Mama Iteka, mtoto iko na akili sana, lakini mwalimu amechoka," alisema. "Alhamisi ya juma ijayo ile ingine, mtu atakuja kwenu kumutazama. Ataandika ripoti. Kisha ndiyo tutajua kama anabaki ao anaenda."

Athanasie alitoka pale akiwaza. Shule ya tatu ikimtema, ya nne nani angempokea? Mtoto mwenye kichwa kile angeishia kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake kule mtaa wa Biryogo. Aliogopa hilo kuliko njaa. Tena yeye alilelewa Bujumbura, na bibi aliyemfundisha kwamba mgeni akiingia nyumbani, anayepimwa ni mama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi akachukua rula aliyopimia vitambaa, akamkalisha binti yake kitini.

Alhamisi ikafika. Mgeni alikuwa dada mmoja mwenye hijabu ya kijani na mkoba mkubwa, jina lake Raihana. Alikuwa mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa Biryogo.

"Mama, muache tu awe kama kila siku," alisema akiketi. "Mimi sikukuja kushitaki mtu."

Athanasie alitabasamu. Wanaokuja kushitaki ndivyo wanavyoanza, alijiambia.

Iteka alikuwa amekaa. Gauni la kanisani, soksi nyeupe, mikono magotini. Athanasie alitazama saa ya simu kwa siri.

Raihana alitoa kichezeo, pia ya mti, akaizungusha mezani. Pia ikavuma, ikacheza, ikaangukia sakafuni. Macho ya Iteka yaliifuata kidogo tu, kisha yakarudi ukutani. Raihana alifungua mlango, na kelele za watoto wanaoruka kamba zikajaa chumbani. Iteka hakugeuka. Raihana alisimulia kisa kirefu kisicho na kichwa wala miguu, kisha akaangusha penseli kumi kwa mpigo.

Kaza, mwanangu, mama aliomba kimoyomoyo. Aliona jasho likimtiririka mtoto shingoni na vidole vikikunjika ndani ya viatu. Alimhurumia. Hata hivyo alijivunia, kwa nini tuseme uongo.

"Kila siku iko hivi?" Raihana aliuliza.

"Kila siku, dada. Hata kwenye misa."

"Hapotezi vitu? Hakatizi watu wakisema?"

"Huyu? Hata daftari moja hajapoteza."

"Na ile dirisha? Mwalimu Régis ameniambia aliruka dirisha."

"Régis hamupendi tu."

"Mama, niambie ukweli. Ukweli ndiyo itanisaidia."

"Nimekuambia, dada."

Raihana alikuwa ameandika sana mwanzoni. Sasa aliandika neno moja moja, halafu akaacha kabisa. Nusu saa ilipotimia, alifunga daftari.

Athanasie alimsindikiza mlangoni kwa furaha.

"Kwa hiyo anabaki?"

Raihana aliinama kuvaa viatu, asimtazame. "Mimi nilikuja kutafuta mtoto ambaye hawezi kutulia, mama. Iko watoto wamezaliwa hivyo, na akili nyingi tu. Nilikuwa na mwalimu wa kukaa naye darasani, mwaka muzima. Nafasi ilikuwa moja, na nilikuwa nimemuombea Iteka." Akapumua. "Huwa sisemi mapema, mzazi asije akamufundisha mtoto. Lakini huyu hana ile shida. Na Bayingana ameshasema, kama si ile shida, basi ni ukaidi, na mtoto mkaidi hamutaki tena."

Athanasie alimshika mkono. "Ngoja, dada! Ngoja uone!" Akageuka chumbani. "Iteka! Simama, mwanangu! Ruka! Kimbia! Fanya vile unafanyaga!"

Iteka alimtazama mama yake usoni, akameza mate, akarudisha macho ukutani. Mikono haikutoka magotini.